Okidi Iliyoponea Boila

Siku ya soko Suneka kelele zilikuwa nyingi hata mbuzi wakaulizana bei zao. Katikati ya akina mama wa ndizi alipita mwanamume mrefu, shati lake jeupe limejaa vitobo vya cheche, begani kabeba gogo. Juu ya gogo lilining'inia ua jeupe moja lenye mkia mrefu.

"Hiyo ni dawa ya nini?" akauliza muuza ndizi.

"Hata sijui, mama."

"Basi ni ile ya wanaume. Ndiyo mnayoona haya kuitaja."

Watu wakacheka, isipokuwa Bathsheba, fundi wa nguo aliyevaa gauni la rangi ya kiini cha yai alilolishona mwenyewe. Wazazi waliompa jina hilo hawakuisoma hadithi yake katika Biblia mpaka mwisho, maana huyu alikuwa mtulivu wa miaka arobaini na mmoja, akiishi peke yake nyuma ya kibanda chake cha cherehani. Alikuwa na viti viwili: kimoja chake, kingine cha kuwekea maua.

"Ni okidi," alisema. "Umeitoa wapi?"

"Itumbe. Mimi ndiye huwasha boila kwenye kiwanda cha chai. Hili gogo lilikuja na kuni. Nilipotaka kulisukuma motoni nikaona ua linaniangalia, nikashindwa. Tangu asubuhi natafuta mtu anayelijua."

"Umempata. Lete."

Jina lake Ongeri. Kuanzia hapo kila Jumapili alikuwa mlangoni, na kila adhuhuri simu ililia.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekunywa uji."

"Uji si chakula, mpenzi. Na mwenzangu wa boila, lile ua, yuko aje?"

"Huyo anakula hewa. Ungekuwa kama yeye, Bwana Boila, sufuria zangu zingepumzika."

Jumapili moja Ongeri, akiaga mlangoni, alimtania: "Siku ukinichoka usijisumbue na meseji. Acha tu hilo ua likauke. Nitaelewa."

Bathsheba akacheka, akasahau. Neno la Ongeri alilolishika ni lingine: kwamba magogo yote yaliyofuata yalikuja matupu bila ua, na miti ile sasa imekwisha. Akaamua kumshangaza kwa mbegu za ua lile. Jumanne akachukua kijiti cha meno, akainua kikofia kilicho katikati ya ua. Vijidonge viwili vya chavua, vya manjano, vikanata nchani. Akavisukuma taratibu kwenye kishimo chenye utomvu.

Ua likishashika mimba halina haja tena ya kujipamba. Kufikia Alhamisi lilikuwa limenywea kama leso iliyolowa, na Bathsheba akafurahi, kwani hiyo ndiyo dalili. Ijumaa akaenda Kisii mjini kununua nyuzi. Ongeri akapita bila taarifa, akachungulia dirishani.

Aliporudi, Bathsheba alikuta mkungu wa ndizi mlangoni. Akapiga simu kushukuru. Haikushikwa, na Jumapili Ongeri hakuja. Wewe msomaji unajua kwa nini. Yeye hakujua, na hakuwa mwanamke wa kumfuata mtu asiyemtaka.

Zikaja siku ambazo cherehani ikinyamaza, nyumba nayo inanyamaza hata mende wanatembea kwa vidole. Alishona sare za shule. Jumapili jioni alisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, asubuhi akala kiporo chake. Nyuma ya ua lililonyauka shingo ilivimba ikawa tumba la mbegu, la kijani, nene kama kidole cha mtoto, naye akawa analisimulia habari za mchana: nani kapunguza kiuno, nani kakataa zipu.

Mwezi wa tano tangu ua linyauke, jirani yake, Mzee Machogu, alikuja kupimwa suruali, akatazama kitini. "Ua lilikufa zamani. Mbona hulitupi nikae?"

Bathsheba akajichoma sindano. Maneno ya Ongeri ya mlangoni yakamrudia yote, na kicheko chake mwenyewe juu yake. Akapiga simu mara tatu. Kimya. Akaandika: *Ua halijafa. Lina mimba ya miezi mitano, tumba limeanza umanjano. Anayehusika afike kabla halijapasuka.*

Siku mbili, hakuna jibu. Ya tatu asubuhi tumba likaonyesha ufa mwembamba. Akafunga dirisha, akahamishia gogo mezani, akatandaza karatasi nyeupe. Kama ni kuvuna peke yake, basi. Akakata. Zikamwagika mbegu laini kuliko vumbi la chaki, nyingi kiasi kwamba karani wa sensa angeomba likizo.

Mlango ukafunguka. Shati ni lile la vitobo, ila mwenyewe amekonda.

"Fundi, njia nzima nimekuwa nikipanga maneno..."

Bathsheba akanyoosha mkono juu ya meza, akamwekea kidole mdomoni. Pumzi ya Ongeri ilikuwa imeshainua vumbi la mbegu kidogo juu ya karatasi.

"Ndizo hizo?" akanong'ona. "Zitachanua lini?"

Bathsheba akainua vidole saba.

"Miezi?"

Akatikisa kichwa.

Ongeri akahesabu miaka saba kwa vidole vyake. Nyuma yake upepo uliingia, ukingo wa karatasi ukapepea. Bathsheba akamwonyesha mlango haraka: funga.

"Nifunge nikiwa ndani, ama nje?"

Neno moja tu la Bathsheba lingepeperusha mbegu zote. Akanyoosha mguu chini ya meza, akakisukuma kile kiti cha maua, sasa kitupu, kuelekea kwake.