Jina la Bibi Harusi

Saa kumi na moja za jioni, mwezi wa Novemba, giza lilikuwa limeshatanda kwenye bonde la Engadin, milimani Uswisi. Ladina alikuwa nje akimwaga chumvi kwenye ngazi za stesheni ili barafu iyeyuke na abiria wasiteleze. Theluji ilikuwa ikianguka tangu adhuhuri, na kwenye njia ya kuingilia palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu.

Zake mwenyewe.

Aliporudi ndani, mwanamume alikuwa amesimama mbele ya dirisha la tiketi.

"Habari za jioni, bwana. Samahani, sikukuona ukiingia."

"Usijali." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea kando ya kitanda cha mgonjwa. "Nataka unipangie safari ya fungate."

Alikuwa mtanashati, wa umri wa Ladina, miaka arobaini na sita hivi, amevaa koti jeusi la sufu. Alinuka mawe mabichi… harufu ya pango. Ladina hakujali. Akavuta karatasi.

"Kwa treni tu," yule bwana akasema. "Na tusafiri mchana tu. Mke wangu anataka kuona."

Kazi hiyo Ladina aliipenda kuliko zote. Kwa miaka ishirini alikuwa amewapangia watu fungate zao pale dirishani, na mwenyewe hakuwahi kuvuka Milano. Mama yake aliugua miaka kumi na tisa, naye ndiye aliyemwuguza. Mama alifariki mwezi wa Aprili. Sasa kila jioni Ladina alipasha moto supu ya shayiri ya mtu mmoja, akaila amesimama.

Akaanza kuandika. Treni nyekundu ya kupanda mlima Bernina mpaka Tirano. Kutoka hapo, kando ya ziwa Como mpaka Milano. Verona, siku mbili. Kisha kuivuka milima tena, Innsbruck, na mwisho Vienna.

"Pale ziwani," yule bwana akauliza, "wewe ungekaa upande gani?"

Ladina akainua macho. Hakuna mteja aliyewahi kumwuliza swali hilo.

"Kulia," akasema. "Maji yanafika karibu kabisa na reli."

"Basi andika kulia."

Simu ikalia. Ladina alipogeuka kuipokea na kurudi, ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango hakuusikia.

Kesho yake alitumia saa ya chakula kutafuta hoteli nzuri Verona. Alikuwa amevaa sweta lake la buluu, na Duri, mkuu wa stesheni, hakuacha lipite hivi hivi.

"Dada Ladina! Leo tumependeza. Nani huyo mwenye bahati mbaya?"

"Kanywe kahawa yako huko."

"Naona na rangi ya mdomo. Nimwambie mke wangu aanze kuoka keki?"

Ladina akamtupia kitambaa, lakini alikuwa anacheka.

Jioni bwana alirudi. Ukumbi ulikuwa na baridi kali. Akauliza maswali yake polepole. Asubuhi ungependa kula nini? Dirisha la chumba litazame wapi? Ladina alijibu, na kujibu kukawa kusimulia. Litazame mto. Angependa kuamshwa na kengele za kanisa, si saa ya mezani. Na Vienna… akifika Vienna, asingependa kurudi. Aliongea mpaka koo likamkauka. Hakuwa ameongea hivyo tangu mazishi.

Pumzi yake ilikuwa imefunika kioo kwa ukungu. Akakifuta kwa mkono.

Ukungu wote ulikuwa wa upande wake.

Yule bwana alikuwa akiongea mdomo ukikaribia kugusa kioo. Upande wake ulikuwa mkavu. Nywele za kisogo zikamsimama Ladina. Akajiambia, kioo ni kinene tu. Akajiambia hivyo mpaka nyumbani.

Jioni ya tatu zilibaki nafasi za majina.

"Jina la bwana harusi?"

"Liache kwanza. Anza na la bibi harusi."

"Anaitwa nani?"

"Andika lako."

Bomba la maji likalia mahali fulani ukutani… tk, tk…

"Bwana, utani huo…"

"Ulisema kulia. Ulisema dirisha litazame mto. Ulisema hutaki kurudi." Akainamia kioo. "Ladina. Nani atakutafuta?"

Alifikiri. Alifikiri kwa kweli, mmoja baada ya mwingine. Hakupata hata mtu mmoja.

Kalamu ikaandika L. Ikaandika A.

Hapo treni ikaingia.

Hakuna treni iliyopaswa kufika saa ile. Haikupiga honi. Sakafu haikutikisika. Ilikuwa na mabehewa ya zamani yenye taa za manjano, na ndani watu wameketi wawili wawili. Wanaume wote walitazama mbele. Wanawake wote walikuwa upande wa dirisha, kila mmoja ameshika karatasi.

Na kwenye behewa la tatu alikuwa Onorina.

Onorina ndiye aliyemfundisha Ladina kazi, kwenye kiti kilekile. Miaka ishirini iliyopita aliaga kwamba anakwenda kuolewa Verona, na hakuonekana tena. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Akageuza uso taratibu, kama aliyekuwa akivutwa shingo. Midomo yake ikasogea.

Usiandike.

Kalamu ikamponyoka Ladina.

"Dada! Unaongea na nani?"

Duri alikuwa mlangoni na ufagio. Ukumbini hapakuwa na mtu. Nje hapakuwa na treni, na theluji juu ya reli ilikuwa nzima. Mbele ya dirisha tu palikuwa na dimbwi dogo la maji, na ile harufu.

Ladina akamsimulia yote. Duri akaichukua karatasi, akaisoma, akakaa chini.

"Wiki ya mwisho ya Onorina," akasema, "alikuwa anapanga fungate ya mteja fulani. Kila jioni. Mimi nilikuwa karani wa mizigo chumba cha pili, nilikuwa namsikia akicheka. Mteja mwenyewe sikuwahi kumwona."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningesemaje? Nilidhani ni upweke, dada. Nilidhani anaongea peke yake."

Wakaichoma karatasi kwenye jiko. Duri akachukua zamu zote za jioni za Ladina na kumwambia apumzike.

Ladina alipumzika siku tatu. Jioni alifungua redio, akaifunga. Jirani alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, kisha akaenda zake. Hakuna aliyemwuliza neno.

Siku ya nne, saa kumi na moja, alikuwa stesheni.

"Hii zamu yangu," Duri akasema.

"Nenda tu. Watoto wanakungoja."

Duri akachukua kofia yake. "Dada, una hakika?"

"Nitafunga mapema."

Akaivaa, akaondoka. Nyayo zake zikasikika mpaka barabarani… kisha zisisikike tena.

Saa ya kufunga ikafika. Ikapita. Ladina aliacha taa ikiwaka. Alikuwa anaogopa mno.

Lakini hakuinuka.