Begi Kubwa kwa Safari ya Siku Sita

"Sema tarehe tu, Joyceline. Tarehe! Mengine yote niachie mimi."

Edson alikuwa amezitandaza karatasi za wakala wa safari juu ya meza ya jikoni, nyumbani kwake katika mji wa Katy, Texas, mpaka sahani ya maandazi ikakosa pa kukaa. Kila karatasi ilikuwa na bahari, tena bahari ya buluu ya kuudhi. Kisiwa chenyewe kiliitwa Santa Odila, kidogo hivi kwamba, kwa maneno ya Edson, ukipiga chafya upande mmoja unaombewa afya upande wa pili.

"Hakuna disko, hakuna meli za watalii, hata taa za barabarani hakuna. Ni kula samaki na kulala. Siku sita. Mwezi wa pili au wa tatu?"

"Wa pili kazini pagumu."

"Wa tatu?"

"Tutaona."

"Tutaona nini, Joy? Krismasi ulisema bibi unayemhudumia anaumwa. Bibi amepona, sasa unaumwa wewe. Kama kuna mtu huko Arlington niambie, nijue moja."

"Hakuna mtu, Edson."

"Basi kuna nini?"

Joyceline akaokota sahani, akaenda kuiosha, ingawa ilikuwa bado ina maandazi manne.

Kulikuwa na nini? Kulikuwa na viza. Joyceline aliingia Marekani mwaka 1997 kuhudhuria harusi ya binamu yake, akapewa miezi sita, na sasa ulikuwa mwaka 2005. Hakuwa na ruhusa ya kukaa, na akitoka hakuwa na ruhusa ya kurudi. Miaka minane alikuwa akiishi Texas kama mtu aliyejifungia chumbani na ufunguo ukabaki nje.

Utasema, si amwambie mpenzi wake? Edson ni raia, alishaapa, ana pasipoti ya Marekani kabatini. Akimuoa, mambo yanakwisha. Ndiyo, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kabla ya Joyceline, Edson alikuwa na mke, Prudensia. Walioana mahakamani Houston mchana wa Jumanne, haraka haraka, hata wazazi hawana habari. Green card ya Prudensia, kibali cha kukaa Marekani, ilipotoka, bibie alikaa wiki mbili tu, akahama na televisheni. Siku ya kwanza Edson na Joyceline walipokutana, kwenye nyama choma ya Watanzania, Edson alisema mbele ya watu, kopo la soda mkononi:

"Mimi mwanamke akinitajia makaratasi tu, hata kwa utani, nimeshawasha gari."

Watu walicheka. Joyceline naye alicheka. Kwa hiyo dawa ya ugonjwa wake ilikuwa Edson mwenyewe, na ndiyo sababu hakuweza kumtajia ugonjwa. Alimpenda mno, hakuweza kumfanya dawa.

Jumapili hiyo aliendesha gari kwa muda wa saa nne kurudi kwake Arlington, akamkuta Kerubo, Mkenya anayeishi naye, anasuka nywele mbele ya kioo.

"Wee, umelia?"

"Anataka twende kisiwani, Caribbean. Nikikataa tena ananiacha."

"Si uende basi!"

"Nitarudije, Kerubo?"

Kerubo akaacha msuko katikati.

"Ngoja. Unajua Nyaga wa kanisani kwetu? Alienda Bahamas last year na bibi yake. Alirudi na driving licence, mtu wangu. Licence tu! Passport hata hakubeba. Hizo visiwa ziko karibu, hawasumbuangi watu."

"Leseni tu?"

"Alituambia sisi wote, akiwa amesimama pale kwa chai. Na wewe licence unayo ama huna?"

Leseni alikuwa nayo. Ya Texas, halali, yenye picha aliyofumba jicho moja. Joyceline aliitoa kwenye pochi, akaiangalia kama ndiyo mara ya kwanza anaiona. Mtu anayezama hachagui cha kushika. Hakuuliza mara mbili, hakungoja hata kukuche. Akachukua simu.

"Edson? Mwezi wa pili, tarehe kumi na mbili."

Upande wa pili zikalipuka kelele.

"Unasema kweli? Joy! Usibadilishe, nanunua sasa hivi. Ni zile tiketi za bei nafuu, hazirudishwi, sawa?"

"Nunua."

Kwa siku tisa Joyceline aliishi vizuri. Aliimba bafuni. Alimwimbia hata yule bibi anayemhudumia, bibi akamwambia anyamaze. Siku ya kumi Kerubo alirudi kutoka kanisani, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Joy, usinikasirikie. Nimeongea na Nyaga. Nimemuuliza vizuri."

"Na?"

"Alionyesha licence, ni kweli. Licence pamoja na ile certificate yake ya uraia. Nyaga ni citizen, Joy. Mimi sikujua. Mimi nilisikia licence tu."

Jumamosi iliyofuata walienda Lewisville, kwenye kanisa moja ambapo mwanasheria wa kujitolea aliwasikiliza wageni bure. Mama huyo wa Kizungu alimsikiliza Joyceline mpaka mwisho, akavua miwani. Alimweleza polepole, na maneno yakawa mafupi: siku utakayotoka nje ya nchi hii, mlango unafungwa nyuma yako kwa miaka kumi. Je, una mtu wa kukuoa, raia? Kwa sababu uliingia kihalali, ndoa ya kweli ingekusaidia.

"Ninaye," Joyceline alisema. "Ndiye siwezi kumwambia."

Zilibaki wiki mbili. Simu za Edson sasa zilikuwa zinamchoma.

"Joy, nimenunua kofia. Ukiniona utanikana."

"Joy, wameniambia chumba kinatazama bahari, na asubuhi kuku wanakuja mpaka mlangoni. Kuku! Kama kwetu Kamachumu."

Na ujumbe, saa sita mchana, wakati Joyceline anamlisha bibi supu: "Kule nina neno nataka kukuambia. Usiniulize. Vaa gauni la njano."

Joyceline aliusoma, akaenda kukaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Alijua ni neno gani. Akienda, anampoteza. Akikataa, anampoteza. Akisema ukweli, Edson atawasha gari. Alihesabu milango yote mitatu na kila mmoja ulifunguka ukutani. Alilia mpaka bibi akagonga kwa fimbo kuuliza kama bomba limepasuka.

Jioni hiyo alimwambia Kerubo:

"Naenda."

"Unaenda wapi na umesikia miaka kumi?"

"Kisiwani. Siku sita nitakuwa naye, halafu nitaendelea mbele, nyumbani. Nimeshakata tiketi ya pili, ya mpaka Dar."

"Wazimu umekuingia! Miaka nane umejificha hapa, leo unatoka mwenyewe?"

"Nikibaki anioe bila kujua, nitakuwa mwizi. Nikimwambia anioe, nitakuwa Prudensia. Nikiondoka, angalau atajua nilimpenda bila kutaka kitu kwake."

Kerubo akainuka. Akaenda kumletea lile begi lake kubwa, la magurudumu.

*

Uwanja wa ndege wa Houston, saa tatu asubuhi. Edson alikuwa na kofia ya majani yenye utepe mwekundu, kweli ya kukanwa. Alimkumbatia, kisha akaangalia chini.

"Hili begi la nini? Tunaenda siku sita, wewe umebeba nyumba."

"Edson, tukae kidogo."

"Tutakaa kwenye ndege, twende."

"Tukae sasa."

Wakakaa. Joyceline aliyasema yote kwa mkupuo, bila kumtazama usoni: harusi ya binamu, miezi sita, miaka minane, Nyaga na leseni yake, mwanasheria. Mama yake aliyezikwa mwaka 2001 na yeye akisikiliza mazishi kwenye simu, kadi ikaisha kabla ya kaburi kufukiwa.

Edson akavua kofia.

"Miaka miwili, Joyceline."

"Ndiyo."

"Miaka miwili unalala nyumbani kwangu. Unajua Prudensia alinifanyia nini. Unajua! Na ulikuwa unasubiri tu siku yangu ifike?"

"Ningekuwa nasubiri, leo ningekuwa nimevaa gauni la njano na nimenyamaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema utawasha gari."

"Ule ulikuwa utani!"

"Haukuwa utani, Edson. Hata sasa hivi unatafuta funguo mfukoni."

Kweli, mkono ulikuwa mfukoni. Edson akautoa kama ameungua. Akasimama.

"Nilitaka kukuvisha pete kule," alisema.

"Najua. Ungenivisha kule, ningeivua kule. Siku ya sita mimi siji nawe huku. Naenda kwetu."

"Muongo."

"Sawa."

"Hayo ni maneno ya kunilainisha. Hakuna mtu anaiacha Marekani hivi hivi."

Akachukua begi lake, akaenda kwenye foleni bila kugeuka nyuma. Pengine alitegemea atasikia kilio, au jina lake. Alichosikia ni magurudumu. Joyceline alikuja akasimama nyuma yake na begi lake kubwa. Watu wawili waliopendana, hatua moja kati yao.

Edson alihudumiwa, akapewa kadi yake ya kupandia ndege, akasogea pembeni kufunga zipu isiyohitaji kufungwa. Joyceline akaweka pasipoti yake ya Tanzania mezani, na tiketi zote mbili.

Binti wa kaunta akazipekua. Akauliza kwa Kiingereza, kwa adabu, mbona hii nyingine inaelekea Afrika, na ile ya kurudi Houston anaitumia lini?

"Siitumii," Joyceline alisema. "Sirudi."

"Begi nilipeleke mpaka kisiwani?"

"Lipeleke."

Alilinyanyua begi mwenyewe, kwa magoti, akaliweka kwenye mzani. Binti akachukua karatasi ya kubandika, akaanza kuizungusha kwenye mpini.

"Subiri!"

Edson alikuwa amerudi. Aliweka kiganja juu ya pasipoti.

"Samahani, dada. Hasafiri. Sisi wote hatusafiri."

"Toa mkono, Edson."

"Sitoi."

"Usinionee huruma."

"Nani anakuonea huruma? Nimekukasirikia! Nitakukasirikia mpaka Pasaka, labda na Pasaka yenyewe. Lakini shusha begi."

"Ili iweje? Unioe halafu mwaka kesho uamke uniangalie kama Prudensia?"

"Prudensia hakuwahi kubeba begi lake kuelekea kwao!"

Foleni yote iligeuka. Hakuna aliyeelewa Kiswahili, lakini bibi mmoja nyuma alishaanza kufuta macho. Edson akalishusha begi mwenyewe, akalisukuma hadi kwenye viti vya dirishani. Nje ndege yao ilikuwa inapakiwa mizigo ya watu wengine. Walikaa muda mrefu. Joyceline alilia, akamaliza, akaanza upya, na Edson akampa leso bila kumwangalia.

"Nipe namba ya mzee," alisema mwishowe.

"Mzee gani?"

"Baba yako. Prudensia tulienda mahakamani kama watu wanaolipa faini. Safari hii naanza panapoanzia. Nyumbani sasa hivi ni saa mbili usiku, hajalala."

"Utamwambia nini?"

"Kilichonileta."

Joyceline aliitaja namba kwa kichwa. Edson alikwangua kadi ya simu, akabonyeza tarakimu nyingi, akaweka sauti kubwa. Ikaita mara tano.

"Haloo?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Edson, mtoto wa Leonce wa Kamachumu. Napiga kutoka Marekani. Niko na binti yako, Joyceline."

"Anaumwa?"

"Mzima kabisa, mzee. Wazee wangu watakuja hapo kwako na barua. Nimeona nitangulie mwenyewe kubisha hodi."

Mzee Melkiori, baba yake Joyceline, alikohoa, kikohozi kirefu cha mtu anayetafuta pa kukaa.

"Mpe simu."

"Shikamoo, baba," Joyceline alisema.

"Marahaba, mama. Wakija hao wageni, nawe utakuwepo?"

Lilikuwa swali lile lile la miaka yote, na kila mwaka alilijibu kwa kusema kazi ni nyingi.

"Baba, nilikudanganya. Siyo kazi. Sina makaratasi. Nikitoka huku siwezi kurudi. Hata mama… siyo kwamba sikutaka kuja kumzika mama."

Wote wawili waliitazama simu.

"Miaka minane," mzee alisema, "nilikuwa nawaambia watu kwamba mwanangu ametususa. Nilikusema vibaya, mpaka kwa padre. Kumbe ulikuwa umefungwa."

"Nisamehe, baba."

"Wewe ndiye unisamehe. Huyo kijana anasikia?"

"Nasikia, mzee."

"Ana uwezo wa kuyatafuta hayo makaratasi?"

Joyceline akafumba macho. Neno lilikuwa limetajwa, tena na baba yake mwenyewe, hadharani. Akasubiri kusikia kiti kikisogea.

"Ninao," Edson alisema.

"Basi waambie wazee wako waje mikono mitupu. Sitaki mbuzi, sitaki pombe ya rubisi, sitaki shilingi. Mahari yangu kwa huyu mtoto ni moja. Umlete nimwone kwa macho yangu, halafu uweze kuondoka naye tena."

Edson aliinuka kwenye kiti, kama mkwe anavyoinuka mbele ya baba mkwe, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Nimepokea, baba. Nitailipa yote."