Shahidi Aliyekuwa Akikaa Eda

Asubuhi hiyo Mwanatabu alikuwa akisukuma mahamri jikoni kwake Likoni. Binti yake Nadira alikaa karibu naye, karatasi mkononi. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza filamu kuhusu Luqman, kijana muuzaji dukani aliyeuawa mtaani mwao miaka kadhaa nyuma.

"Mama, hebu sikiza. Kortini wametupatia nakala ya kesi. Haya ni maneno ya shahidi wa tatu." Akasoma: "'Nilikuwa nakaa eda. Nilichungulia dirishani. Walikuwa wawili. Luqman aliomba maji.'"

Mwanatabu akaliacha donge.

"Hayo ya eda yatoe."

"Abadan! Hayo ndiyo matamu!"

"Nadira! Mwaka ule, mtaa huu, nani alikuwa akikaa eda?"

Nadira akafikiri. Babake alifariki mwaka huohuo. Karatasi zikamponyoka.

"Mama, ni wewe?"

"Nyamaza! Boga, mmoja wa wale wawili, ametoka jela. Kila siku apita hapo nje, anisalimia, nami naitikia roho i mkononi. Hajui. Mjane wa eda hatoki nyumbani, basi nani angenidhania? Korti ilinisikiliza faraghani, mbele ya mawakili tu, Boga hayumo, na jina langu ikalificha."

Ee jamani, hofu ya miaka haitoki kwa kuambiwa usiogope. Hawakulumbana. Walikwenda kwa jirani yao Philister, karani wa mahakama.

"Shikamoo, mama," Nadira akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Philister akasoma, akaguna. "Rekodi ya kesi huwa wazi kwa watu wote, ila pale mahakama inapozuia. Unaandika barua ya kuomba, unataja nambari ya kesi, unalipia nakala. Mlifanya vyema. Lakini mahakama ikimficha shahidi, nanyi mficheni. Si jina peke yake. Eda, dirisha, hata sauti humtambulisha mtu."

"Basi niseme alikuwa mpita njia?"

"La, hasha! Ukitia uongo mmoja, nani ataamini mengine? Toa yanayomfichua, na uwaambie watazamaji kuna maneno yameachwa. Yaliyobaki yasomwe vilevile yalivyosemwa. Tena kwanza mwulize mwenyewe kama aridhia."

Nadira akamgeukia mamake. Philister, mtu na heshima zake, akajitia kutazama sufuria yake mekoni, kana kwamba hajaona.

"Yasomwe," Mwanatabu akasema. "Lakini naogopa."

Filamu ikaonyeshwa uwanjani. Boga alisimama nyuma, mikono kifuani. Mwanatabu alijikunyata ndani ya buibui. Kwenye filamu, kila sentensi ya shahidi wa tatu ilisomwa na mtu tofauti: mshonaji, mwalimu, muuza samaki.

"Walikuwa wawili."

"Luqman aliomba maji."

"Nilitaka kumpelekea, nikaogopa. Nilimwombea mpaka alipotulia."

Pembeni ya Mwanatabu, Bi Kuluthum, mamake Luqman, alishika kichwa. Siku za kesi hakuweza kwenda kortini, uchungu ulimshinda.

"Kumbe mwanangu hakufa peke yake!" akalia. "Kuna aliyemwombea!" Akainua mikono juu. "Ewe uliyesema, popote ulipo, Mungu akulinde na kila shari."

Kule nyuma Boga alikuwa akitazama nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine.

"Amin!" uwanja mzima ukaitikia.

Mwanatabu naye, kama wenzake wote, akaitikia, "Amin."