Akiba Iliyobaki kwenye Simu ya Marehemu

Fundi viatu alifungua kibanda mapema, akapaka gundi soli ya kwanza, kisha akaitoa simu ya marehemu mkewe. Mkewe ndiye aliyekuwa akiweka akiba kwenye laini hiyo, kidogo kidogo, kila jioni. Namba ya siri aliondoka nayo. Na binti yao amepata nafasi chuo cha uuguzi. Asipolipa ada ndani ya miezi miwili, nafasi anapewa mwingine.

Fundi alishajaribu mara mbili: mwaka wa ndoa, mwaka aliozaliwa binti. Zote ziligoma. Sasa alikuwa akibonyeza ya tatu.

"Shemeji, weka simu chini," alisema jirani yake, mama wakala wa pesa za simu, aliyekuja kuchukua viatu vyake. "Ukikosea tena inafunga."

"Ifunge tu. Hao wakubwa wa kampuni ya simu si wameshazila hizo hela? Maskini akifa, vyake vinakuwa vyao."

"Umekwenda kuuliza?"

Fundi akakwangua gundi kidoleni. "Wataniambia njoo kesho."

"Kumbe hujaenda. Hasira zote hizi, na mlango hujagonga."

Fundi akaiweka simu chini.

"Chukua cheti cha kifo, kitambulisho chako, na barua ya mahakama inayokutaja msimamizi wa mirathi. Peleka ofisi ya kampuni ya simu, si kwangu. Na akitokea mtu anakuomba namba ya siri eti akusaidie, huyo mwizi, hata kama amevaa tai."

Mahakamani alizungushwa wiki tatu. Karani hakuinua hata macho. Fundi alimlaani kimoyomoyo, na kesho yake akarudi tena.

Hatimaye barua ilitoka, na mhudumu wa kampuni ya simu akamchapishia taarifa ya akiba. Ilitosha ada, na chenji ikabaki. Fundi alipitisha kidole mstari kwa mstari. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku aliyolazwa mkewe hospitalini.

"Hata siku ile aliweka," alisema taratibu.

"Na wewe baba, tukufungulie akiba yako?" aliuliza mhudumu.

"Fungua. Mrithi andika binti yangu."

Jioni aliweka humo hela ya soli mbili, kabla hajanunua chochote. Namba ya siri hakumwambia mtu. Ila alimwita binti.

"Laini yangu ina akiba, na mrithi ni wewe. Siku nikiondoka, usikae na kinyongo kama mimi. Nenda kaulize."

"Nimesikia, baba. Sasa ule, chakula kinapoa."