Udongo Mbichi Kwenye Mtutu

Mzee Famoro, mkuu wa wawindaji wa Balandugu, alisukuma mdeki, ufito wa kushindilia baruti, ndani ya mtutu wa bunduki ya marehemu Fakuru Traore, na mdeki ukagoma.

Ilikuwa saa moja asubuhi, siku ya arobaini. Vumbi la jangwani lilikuwa limeshuka tangu alfajiri, zito na jeupe, kijiji kizima kikawa kama kimetiwa ndani ya maziwa. Wawindaji walioketi uani walionekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kama wanaelea.

"Nyigu wameziba," alisema Sayon, mtoto wa kwanza wa marehemu.

Famoro alichokoa udongo mdomoni mwa mtutu, akauweka juu ya jamvi, akasukuma tena. Haukupita. Na mdeki ule ulikuwa wa marehemu mwenyewe, umeingia na kutoka kwenye mtutu ule kwa miaka thelathini.

"Sayon, hii si Mkwe."

"Si Mkwe vipi, baba? Si ndiyo hii nimeitungua ukutani sasa hivi?"

"Ipime mkononi."

Sayon aliipokea, uso ukambadilika. "Nyepesi."

"Hili ni bomba la maji, limepakwa masizi na mafuta. Ukilitia baruti linapasuka. Na wewe leo ungeweka shavu lako hapa, mwanangu. Hapa hapa."

Fakuru aliacha bunduki tatu, zote za kushindilia baruti. Bubu, ambayo mara nyingi haikulia. Mgeni, aliyoinunua ng'ambo ya mto. Na Mkwe, aliyopewa na baba yake, ikaitwa hivyo kwa sababu ikisema, wote wananyamaza. Bunduki kama hizo haziuzwi. Siku ya arobaini mrithi huipiga mara moja ile aliyoipenda marehemu, mbele ya wawindaji, kisha huenda nayo kwake. Wanawake hufungiwa ndani. Husikia mlio tu, na hawaulizi.

Saa mbili, Moriba Kone alikuwa ameshafungwa mikono. Moriba alikuwa mwanafunzi wa mhunzi, kijana wa miaka ishirini, na Famoro alikuwa na hoja zake. Bunduki bandia haifuliwi na mkulima. Chumba cha marehemu ndimo mjane anamokalia eda, mwanamume haingii, isipokuwa mrithi siku ya arobaini, na mhunzi akiitwa. Na siku ya tatu ya msiba Moriba aliitwa, akatengeneza bawaba ya mlango. Hakuingia tena. Na nyigu walikuwa wamekwisha kujenga kwenye mitutu yote mitatu, kazi ya majuma. Basi bandia ilitundikwa zamani, siku ile ya bawaba.

"Huu si wizi tu," alisema Famoro. "Huku ni kutaka kuua. Tukisha kuswali alasiri, saa kumi, anapelekwa kwa askari wa wilaya."

Mama yake Moriba, Sitan Kone, alikuja na beseni la sabuni ya mafuta ya shea kichwani, kwa kuwa habari ilimkuta njiani. Hakulitua. Alimtazama mwanawe, akaitazama kamba.

"Moriba. Umeitengeneza wewe?"

"Sikuiba, mama."

Sitan alisikia. Alikuwa ameuliza jambo moja, amejibiwa jingine. Akamgeukia Famoro.

"Mama Moriba, nenda nyumbani," alisema Famoro. "Haya ni ya wawindaji."

"Nani aende? Mimi ni Kone, ninyi ni Traore. Tangu lini mtani akafukuzwa msibani? Walafi wa maharage wakubwa ninyi, hata kufunga kamba hamjui. Leteni hizo bunduki nizione."

Wazee wawili walicheka bila kutaka. Mtani hanyimwi neno siku ya msiba. Sayon akamsogezea.

Alitua beseni, akaketi jamvini. Udongo wa Bubu na wa Mgeni ulikuwa mwekundu, mkavu, laini kama unga, wenye vyumba vidogo vya watoto wa nyigu. Kisha akaokota kile kibonge kilichotoka kwenye bandia, akakivunja katikati. Ndani kilikuwa cheusi. Akakiweka shavuni, kikawa baridi.

"Sayon, upepo huu unakausha nguo kwa muda gani?"

"Kabla hujamaliza kuanika."

"Na kibonge hiki ndani bado kibichi. Hiki ni cha jana. Halafu tazama, nyigu gani huyu anayechanganya makapi kwenye udongo wake?"

Famoro aliinama. Ndani ya udongo mlikuwa na makapi madogo, meupe, kama kucha za mtoto mchanga. "Ni udongo wa kukandikia ukuta," alisema polepole.

"Jana mwanangu alikuwa wapi?"

"Kwenye tanuri la mkaa, huko msituni," alijibu mzee mmoja. "Nilikuwa naye tangu asubuhi hadi magharibi."

"Basi mfungueni."

"Bado. Anaweza kuwa na mwenzake. Una mpaka saa kumi."

Saa nne Sitan alikuwa kwa Burama, mdogo wake marehemu, ambaye kila mtu alijua amewahi kuzungumza na mnunuzi wa vitu vya kale kutoka mjini.

"Burama, mla maharage, umemuuza kaka yako?"

"Shindwa, mtumwa wa babu yangu! Nani kakwambia?"

"Mnunuzi alikuja, hakuja?"

Burama alikuna kidevu. "Alikuja. Nilitaka tumpe Bubu, nipate mabati. Sayon akakataa, yakaisha. Mkwe siigusi hata kwa ndoto. Halafu naingiaje kwenye chumba cha mwenye eda? Nipitie kwenye paa?"

Sitan alitazama kuta za nyumba ile. Saruji tupu. Akaaga.

Alizunguka uani kwa watu mpaka saa saba, akipapasa kuta kama mgonjwa. Mwaka ule mpunga ulijaa, na kila ukuta mpya ulikuwa na makapi makubwa ya mpunga. Ukungu wa vumbi ulimpeleka na kumrudisha. Mara mbili alijikuta kwenye kisima kilekile, hajui amefikaje. Makapi madogo meupe ni ya fonio, ile nafaka ndogo kama mchanga. Nani alilima fonio? Aliposimama kisimani mara ya pili ndipo akamkumbuka Fakuru mgonjwa, tumbo linakataa kila kitu isipokuwa uji wa fonio.

Saa nane alipiga hodi kwa mjane. Bi Wasa aliketi katika nguo zake za eda, macho nusu yamefumba. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa.

"Mtani wangu," alisema Bi Wasa, "usiwasumbue watoto. Hakuna mwizi. Fakuru alikuja mwenyewe jana."

"Saa ngapi, dada?"

"Mchana, usingizi ulipokuwa mtamu. Nikamwona anaitungua Mkwe, taratibu, kama anavyotungua mzinga wa asali. Nikamwambia, mume wangu, umerudi? Akanifunika shuka, akaniambia, lala. Mikono yake ilikuwa inanukia udongo mbichi."

Sitan alipapasa jamvi alilokalia. "Na aliyekuletea jamvi hili jipya ni nani?"

"Nansa, binti yangu. Jana hiyohiyo. Alilileta limekunjwa, akaondoka na kuukuu limekunjwa vilevile."

Nansa alikuwa ameacha nyumba ya mumewe miezi saba ili kumuuguza baba yake. Yeye ndiye aliyempikia ule uji.

Saa tisa na nusu Sitan aliwaita Famoro na Sayon nyuma ya jiko la Nansa. Moriba aliletwa na kamba yake. Ukuta wa jiko ulikuwa mweupe kwa ukavu, ila mahali pamoja: mstari mweusi wa unyevu, umesimama wima, upana wa mkono, urefu wa mtu. Nansa alikuwa kando yake, kibuyu cha maji mkononi.

"Nansa, mama, umekandika ufa?"

"Ndiyo, shangazi. Ufa."

"Ufa ulionyooka hivi?"

Sitan alichukua mwiko, akakwangua. Udongo wenye makapi ya fonio ulidondoka, kikatokea kitako cha bunduki, kimeng'aa kwa mikono ya wanaume wawili waliokwisha kufa. Sayon alitoa sauti kama aliyepigwa.

"Kwa nini, Nansa?" aliuliza.

"Kwa sababu ni yangu!" Nansa hakuinamisha kichwa. "Nilikuwa namwosha miguu. Akaniambia, Mkwe ni yako, lakini usimwambie kaka yako."

Sayon akamgeukia dada yake. "Mimi aliniambia hivyohivyo. Kabla ya Ramadhani. Akasema, usimwambie dada yako."

Kila mtu akatazama ile bunduki ukutani kana kwamba itasema ni nani kati yao aliyedanganywa.

"Na ile bandia?" aliuliza Famoro.

"Ya kutundika tu! Nikaiziba udongo ifanane na zile za nyigu. Nilijua kaka ataichukua, ataitundika kwake, naye atafurahi, nami nitakuwa na ya baba. Nani angeumia?"

"Nansa," alisema Sayon. "Leo jioni ningeipiga."

"Uipige kwa nini?"

Wanaume walitazamana.

"Uipige kwa nini, kaka? Mlio wa siku ya arobaini ni wa bunduki zenu, nyinyi wawindaji. Si ndivyo tunavyoambiwa?"

"Hamwambiwi chochote," alisema Famoro, na sauti yake ilikuwa ya mzee sana. "Mrithi hupiga ile ya marehemu. Uso wake unakuwa hapa. Lile bomba lingemtoa kichwa."

Kibuyu kilianguka. Nansa aliketi kwenye maji yaliyomwagika, akaanza kusema jina la kaka yake, tena na tena, polepole, kama anayebembeleza mtoto.

"Mama," alisema Moriba. "Niliitengeneza mimi. Nansa aliniambia anataka ukumbusho wa baba yake. Nilimwambia haipigwi. Leo asubuhi nikaogopa kusema, ningemtia yeye matatani."

Famoro aliivunja bandia juu ya jiwe. Sayon alimfungua Moriba kamba kwa mikono yake, kisha akaketi majini pamoja na dada yake. Mkwe haikulia siku ile. Ililazwa mbele ya Bi Wasa, ikae hapo mpaka ndugu wawili wazungumze.

Enyi wenye vitu vya kuachia watoto, waiteni wote mbele yenu, wa kiume na wa kike, mseme neno moja, kila mtu asikie. Fakuru aliwapenda wote wawili. Ndiyo maana nusura azikwe mmoja.

Sitan alimshika mwanawe kifundo cha mkono wakaondoka. Alasiri ilikuwa inaadhiniwa mahali fulani ndani ya vumbi. Beseni la sabuni alilisahau kwa watu. Walipita kisima, wakapita karakana ya mhunzi.

"Mama, unaniumiza."

Alimsikia, lakini vidole vilikataa kufunguka, akaenda naye hivyohivyo mpaka mlangoni.