Barua Iliyokosea Mlango

Jumamosi saa nne asubuhi, Soko la Majengo limejaa hadi unakanyagwa na usiyemjua. Kwenye meza ya mama mmoja kilibaki kifurushi kimoja tu cha mboga ya mlenda mkavu, na mikono miwili ikakishika kwa pamoja.

"Kaka, achia," alisema Dorkasi, gauni lake la kitenge cha bluu limemkaa hasa. "Mlenda wewe unaujulia wapi? Sura yenyewe ya ndizi hiyo!"

Damas, mpima ardhi wa Bukoba aliyeletwa na kazi za uwanja wa ndege Msalato, akacheka. "Nifundishe basi."

"Nikufundishe, mimi nani wako?"

Wakaishia kugawana. Wakapeana namba, na mwaka haujaisha Damas anakula mlenda kwa ugali wa uwele kama kazaliwa Chamwino. Kila jioni simu. "Umekula, laazizi?" "Nimekula, mpima wangu. Na wewe?" Watu wazima hao, jamani!

Basi Damas akaamua kuposa, na hapo ndipo alipoharibu. Kwao binti huposwa kwa baba yake, na Dorkasi anaye baba, Mzee Meshack, anaishi mtaa wa Kikuyu, hapo hapo mjini. Damas akaona amfanyie mpenzi wake jambo la kushtukiza; akamtuma mshenga na barua Kikuyu bila kumuuliza mwenyewe.

Jioni yake simu ikaita.

"Damas, baba kanipigia. Mara ya mwisho kusikia sauti yake nilikuwa darasa la tano. Leo ananiuliza sare ya harusi rangi gani!"

"Mpenzi, si ndiye baba..."

"Aliyenilea ni Mjomba Obedi! Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenichukua nikaishi kwake Buigiri. Haoni, Damas, lakini alinisuka nywele mwenyewe, kwa kupapasa, ili nisichekwe shuleni. Nimemwambia habari za barua yako. Unajua kasema nini? 'Ni haki yake, ndiye baba. Mimi kwenye mahari nitapewa blanketi la mjomba.' Halafu ugali hakuugusa. Siolewi kwa kumuumiza yule mzee. Usinipigie tena."

Siku kumi na nane Damas alipiga, hakupokelewa. Alikonda, suruali zikawa zinamvuka.

Lakini hakukaa kulia tu. Alikwenda Kikuyu mwenyewe, akaomba radhi, akaomba arudishiwe barua yake. Mzee Meshack akaitoa kabatini. "Mpelekee anayestahili," alisema. "Mimi niliipokea kwa tamaa ya kuitwa baba."

Toka hapo Damas akamtafuta Mwalimu Paskazia, aliyewahi kufundisha wasioona pamoja na Obedi. Kila akitoka kazini, alikwenda kwake kujifunza nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole.

Jumamosi moja, siku hizo kumi na nane zilipotimia, yeye na mshenga wakabisha hodi Buigiri. Dorkasi alikuwa uani anapepeta uwele. Kusikia sauti ile, ungo ukamponyoka, akajibanza nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Damas. Nimeleta barua. Ilipelekwa kusiko, kwa kosa langu."

"Haya. Ngoja nimwite Dorkasi anisomee."

"Hapana, mzee. Isome mwenyewe."

Mzee akaipokea ile barua, iliyoandikwa upya kwa nukta kwenye karatasi ngumu, akaitandaza magotini. Kidole kikaenda, kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena pale pale.

"Umeiandika wewe?"

"Mimi, mzee."

"Mwandiko wako mbaya, wanangu wa darasa la kwanza wangekucheka," alisema Obedi, na machozi yanamtoka. "Lakini hapa umeandika 'binti yako'."

"Ndiyo, mzee. Nimeandika ninachokijua."

Obedi akakohoa, akaita kwa sauti yake ya darasani. "Dorkasi! Hebu njoo. Desturi inataka nikuulize mbele ya wageni. Huyu kijana unamjua?"

Dorkasi akatoka, pumba za uwele zimejaa kwenye nywele. Damas akainuka, Dorkasi akampita, akaenda kupiga magoti mbele ya mzee na kumshika mikono. Tangu utoto wake alimwita mjomba, hakuwahi kumwita vingine.

"Namjua, baba," akasema.