Kromosomu Fupi ya Babu

Kila alasiri baada ya masomo, Njozi alimsubiri shangazi yake maabarani. Jina hilo alibandikwa nyumbani, maana alikuwa hodari wa kuota akiwa macho. Shangazi alikuwa fundi wa kromosomu, yaani vile vijiti vidogo ndani ya seli vinavyobeba urithi wetu. Alizipiga picha kwa hadubini, akazikata picha hizo kwa mkasi na kuzipanga jozi jozi kwa namba. Njozi naye alipewa picha za kujifunzia, za mtu mwenye afya. Akizitazama sana, aliziona zikiinuka na kucheza taratibu kwenye mwanga wa dirishani.

Siku hiyo mezani palikuwa na picha za uvimbe wa saratani uliotolewa kwenye figo ya babu. Shangazi alipotoka kidogo, Njozi aliiona jozi namba tisa: moja nzima, nyingine imekatika kipande. Alishafundishwa kwamba saratani ya figo yenye upungufu huo huwa kali, na wagonjwa wake wengi hawaishi muda mrefu.

Akili ikahama. Akamwona babu akitembea juu ya kromosomu ndefu kama daraja, mbele yake pamekatika. Kufumba na kufumbua, akaitia mfukoni ile fupi, akaweka nzima kutoka picha zake za kujifunzia. Babu akavuka.

Shangazi aliporudi, akainama mezani, uso ukamchangamka. "Tisa zote nzima. Alhamdulillahi. Huenda daktari asimsumbue baba kwa vipimo vingi."

Njozi akaushika mfuko wake. Kumbe babu angeachwa bila kuangaliwa?

"Shangazi, hiyo siyo ya babu," alisema, machozi yakimlengalenga, akaitoa ile fupi.

Shangazi aliipokea. "Nilishaanza kufurahi," alisema. "Ni baba yangu, ujue." Akairudisha mahali pake.

Daktari alipopata majibu, akaagiza babu apimwe mara kwa mara. Miezi michache baadaye, kivimbe kingali kichanga kikaonekana pafuni, kikatolewa.

Jioni babu aliporudi nyumbani, shangazi alimvuta Njozi kando. "Ulibadilisha picha, lakini ugonjwa ulibaki palepale. Ukweli ndio uliomwezesha daktari kuuwahi. Siku ile ulinivunja moyo, mwanangu. Asante kwa kuuvunja."